Mwaka Niliokaa kwa Mama TV

Begi langu lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nilikuwa nimeliweka nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu mwenye haraka anaweza kulichukua bila kuagana na kila mtu, maana kuaga watu wa Malakisi ni kazi ya nusu siku. Jana yake tulikuwa tumemzika Mama kando ya kaburi la mumewe. Namwita Mama ingawa hakunizaa. Alinikalisha kwake Kitale mwaka mmoja tu, zamani, na jina likaniganda mdomoni. Nilijiambia kwamba yangu nimeyatimiza: nimelia, nimepika, nimeosha masufuria ya watu nisiowajua. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni kama panzi aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Ofisini Eldoret walitaka kujua nitarudi lini. Watu niliosoma nao walikuwa wakitumiana vichekesho. Nikimenya kiazi kimoja, najibu ujumbe. Nikimenya cha pili, nachungulia kama nimejibiwa. Nje, vijana wa boma walikuwa wamepanga foleni kwenye waya wa sola wakichaji simu zao, vichwa chini, kimya, ungedhani wanaombea chakula. Siwezi kuwasema, maana mimi nilikuwa na simu mbili.

Hapo jikoni ndipo niliposikia wanawake wakizungumza, nao hawakujua kama nawasikiliza. Mmoja aliuliza ni nani atakayenyolewa kesho. Mwenzake akamjibu kwamba hakuna mtu, mama mwenyewe hana mtoto, mtoto wake alitangulia, kwa hivyo wembe utakaa tu kwa karatasi yake. Akalisema bila ubaya, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Wa kwanza akasema ni vibaya mtu kwenda hivyo, kama ng'ombe aliyepotea. Kisha wakaingia kwenye habari za bei ya mahindi, na mimi nikabaki nimeshika kisu na kiazi.

Kwetu Wabukusu mtu akishazikwa kazi haijaisha. Siku chache baadaye ndugu hukaa chini, wale wa karibu kabisa na marehemu wakanyolewa nywele, halafu maneno yakasemwa: aliugua vipi, nani alikuwa naye, alisema nini mwisho. Mwenye swali anauliza, mwenye jibu anajibu mbele ya watu. Mazishi ni ya mwili. Siku ya kunyoa ndiyo siku walio hai wanapoachiliana. Naijua vizuri, na hata hivyo nilikuwa nimefunga begi ili niikimbie. Nikatoka nje, nikakaa juu ya mtungi uliopinduliwa karibu na banda la zamani la kukaushia tumbaku, na mwaka wa 2004 ukanirudia wote, hata harufu yake.

Ya ukoo na utoto wangu nayaacha, hayana jipya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo si mabaya ya kulilia wala si mazuri ya kutangaza, na mamangu alichoka kuniona Endebess nikizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akanipeleka Kitale nikafanye kozi ya kompyuta. Alikuwa na rafiki yake wa kanisani, mjane, aliyepanga vyumba viwili kwenye ploti moja ya wapangaji mtaa wa Tuwani, na ambaye, kwa maneno ya mamangu, alikuwa na nafasi ya kitanda. Nafasi hiyo iliachwa na nani, sikuambiwa. Nilifika nikakuta kitanda chenye godoro lililobonyea katikati, mbonyeo wa mwili mwembamba kuliko wangu. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati la shule, lile la kufungwa kwa kufuli, limegeuzwa uso kwa ukuta. Nililivuta ili nipitishe viatu vyangu, nikaona jina limeandikwa kwa rangi nyeupe: METRINE. Nikalirudisha lilivyokuwa.

Mamangu aliniambia nimwite mwenyeji wangu Mama Metrine, kama desturi ilivyo, mwanamke kuitwa kwa mtoto wake. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia kwa jina hilo pale kwenye mfereji, wanawake wote wa ploti wakiwa wamepanga ndoo. Hakuitika. Aliinua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda zake. Mama Saidi wa chumba cha jirani ndiye aliyenivuta pembeni. Alikuwa mwanamke mnene wa kuchangamka, anauza mandazi na viazi karai kwenye kona ya msikiti, na Kiswahili chake kilitupita wote kwa sababu babake alitoka pwani. Aliniambia kwamba mtoto alifariki mwaka uliopita, akiwa shuleni Webuye, na tangu hapo hakuna anayelitaja jina hilo. Hapa wanamwita Mama TV. Nikauliza kama hakasiriki. "Anaitika," akasema. "Ukitaka kukaa kwake kwa amani, na wewe mwite hivyo."

Na kweli alikuwa Mama TV. Kwenye ploti nzima hakukuwa na televisheni nyingine ya rangi. Yake ilikaa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili, juu yake kitambaa cha kusuka, na rimoti ilikuwa bado imevishwa ile nailoni iliyotoka nayo dukani. Ikifika saa moja jioni mlango haukubishwa tena. Watu waliingia tu. Mama Saidi alikuja na sahani yake imefunikwa na nyingine. Rose, mke mdogo wa turnboi, yaani utingo wa lori, aliyelala barabarani zaidi kuliko nyumbani, alikuja na sufuria nzima, maana hakuweza kula peke yake. Ugali ulikatwa, omena zikapitishwa, sukuma ya huyu ikaingia kwa sahani ya yule, na hakuna aliyejua amekula chakula cha nani kwa sababu macho yote yalikuwa mbele. Ulikuwa mchezo wa mfululizo kutoka nchi za mbali za Wazungu weusiweusi, umetiwa Kiingereza juu ya lugha yao, hivi kwamba mdomo ulifungwa na maneno bado yanatoka. Dada wawili walimpenda mwanamume mmoja mwenye shamba. Majina yao halisi yalitushinda, tukawapa yetu: Nywele Ndefu ndiye aliyekuwa mwema, na Viatu Virefu ndiye aliyekuwa shetani.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilikaa kwenye mkeka mbele, nusu nimewageukia, na kila mhusika akisema jambo nililigeuza Kiswahili upesi kabla mwingine hajadakia. Nilikuwa mzuri. Nilijifunza kulia na kutisha, na Mama Saidi alinipa viazi vya bure. Mama mwenyewe hakuniuliza kitu. Alikaa kwenye kochi la karibu kabisa na skrini, kitambaa kimefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, rimoti mkononi, na mchezo ulipoisha alibadilisha chaneli kabla wimbo haujamaliza. Habari, mpira, maombi, matangazo ya sabuni, yote kwake yalikuwa sawa mradi kuna sauti. Watu wakitoka, aliniacha nilale na akabaki hapo. Mara nyingi niliamka asubuhi nikasikia televisheni bado inaongea na mtu aliyelala amekaa.

Mimi nami sikuwa nyumbani kule. Darasa la kompyuta liliisha saa sita mchana, kisha nilipita kwenye duka la intaneti karibu na stendi, tuliloliita saiba, nikakaa mbele ya skrini nyingine nikiandikiana na mwanamume aliyesema anaishi Kanada. Nilimwambia mimi ni mwanafunzi wa udaktari na nafuga farasi. Yeye alinijibu kwa mashairi, pengine hata yeye alikuwa Kitale, viti viwili nyuma yangu, nani ajuaye. Nilitoka hapo macho yakiwasha, nikatembea mjini haraka bila mahali pa kwenda, nikikasirishwa na kila kitu, mvua, matope, watu wanaosimama katikati ya njia kuamkiana hadi habari za ng'ombe. Nilitaka maisha yaanze. Tulikuwa nyumba ya watu wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwamo.

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta ameinama juu ya karai, kitambaa kimetoka. Nywele zake ndizo zilizonishtua. Zilikuwa zimeshikamana mafundomafundo, nene, nusu zimekuwa nyekundu kwa vumbi, za mtu asiyezigusa kwa kitana wala kwa mkasi. Aliniona, akachukua kitambaa akajifunga, tukasalimiana kana kwamba hakuna lililotokea. Nilimuuliza Rose, kwa kuwa yeye pia ni wetu, wa Bungoma. Rose aliangalia mlango kwanza. Akasema Mama alimzika mtoto Malakisi, na alfajiri ya siku ya kunyoa akaondoka, wembe umewekwa, viti vimepangwa, maji yamechotwa. Alirudi Kitale, akauza cherehani yake, na pesa hizo zikawa televisheni. "Sasa hata hawezi kurudi kwao hivyo," Rose akasema. "Ataingilia mrango gani?"

Halafu mvua kubwa ikaja, na jioni moja transfoma ya mtaa ikalipuka kwa kishindo kilichowatoa watu wote nje. Watu wa stima walifika siku iliyofuata, wakaitazama kutoka chini mikono kiunoni, wakaondoka. Wiki ikapita. Mtu asiyeishi kwenye ploti hawezi kuelewa kimya kilichoingia. Jioni ya kwanza, saa moja, walikuja vilevile na sahani zao, wakakaa pale pale, tukaitazama televisheni iliyozimika kana kwamba ni mgonjwa anayeweza kuamka. Taa ya chemni ilikuwa juu ya kabati. Mwishowe Mama Saidi alinigeukia akaniambia nisikae bure, niwaambie leo kungetokea nini. Nikaanza. Nilimpa Viatu Virefu barua ya kughushi, nikamvunja mguu farasi wa mwanamume, nikamfungia Nywele Ndefu ndani ya ghala. Waliupenda. Kesho yake wakarudi, na keshokutwa, na nikaona kwamba hata Mama aliacha kucheza na rimoti iliyokufa mkononi mwake. Lakini uongo pia una mwisho wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mapenzi yenyewe nilikuwa nayajua kwa kusoma, na siku ya nne farasi walianza kuisha.

Mama hakuweza kutulia. Alisimama, akakaa, akafagia chumba kilichofagiliwa. Mchana alikwenda kusimama kwenye mkahawa mmoja mjini uliokuwa na jenereta, akaagiza chai ili apate kutazama picha zisizo na sauti. Aliniudhi na nilimwelewa, kwa sababu saiba nayo ilikuwa gizani na vidole vyangu vilikuwa vikiniwasha. Siku moja akatoka akarudi na mtu wa boda boda, baiskeli imelemewa na betri ya gari iliyochajiwa, na mikononi kabeba televisheni ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe aliyoazima kanisani. Ile kubwa haikuwezana na betri. Tuliunga waya, picha ikaja ikitikisika, watu wote wa rangi ya majivu, lakini walikuwa wao. Ploti nzima ilipiga makofi.

Betri ilikufa katikati ya mchezo. Nywele Ndefu alikuwa ameufikia mlango wa kanisa, mkono kwenye komeo, na picha ikaanza kunywea kutoka pembeni hadi ikabaki nukta moja nyeupe katikati ya kioo. Kisha nukta nayo ikaenda. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Mama aliniambia niangalie waya, nikaangalia. Akaniambia niangalie tena. Nilisema, "Mama TV, imeisha." Sahani zikashikwa bila kuliwa.

Mama Saidi aliweka sahani yake chini. Alizungumza kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza bei ya unga. "Mama Metrine," akasema, "mtoto wako aliugua nini?"

Rose alijifunika mdomo kwa leso. Mama alisimama, akaenda mlangoni, akafungua, na baridi ya mvua ikaingia ikaipeperusha taa. Nilidhani atatoka aende mjini usiku ule na viatu vya nyumbani. Alibaki kizingitini ametugeuzia mgongo. Mama Saidi hakumfuata wala hakupandisha sauti. Alisema, "Nimekula kwako mwaka mzima. Watoto wote wa hapo kwa kioo, najua waliumwa nini na nani aliwaua. Wako ndiye simjui."

Mama alisimulia akiangalia mvua, na sehemu nyingine tuliikosa kwa sababu ya mabati. Metrine alitoka likizoni Malakisi, kwa baba yake mkubwa, kichwa kimesukwa matuta kwa ajili ya shule. Wiki ya kwanza ya muhula akaanza kulalamika kichwa. Shule ikadhani anakwepa masomo, kisha ikamwita mama. Alimkuta hospitalini, shingo imekakamaa, hataki mwanga. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo na imechelewa. Mtoto hakutaka maji wala uji, alichotaka ni nywele zifumuliwe. "Aliniambia, Mama, toa hizi nywele, zinanivuta," alisema. "Nikaanza upande wa kushoto. Nilikuwa nafumua polepole nisimuumize. Nilifika nusu." Kisha akasema, "Walimzika na nusu. Halafu wananiletea wembe mimi. Ningekaaje mtu anishike kichwa?"

Nililia, na si kwa ajili yake tu. Nilikuwa nimelala kwenye mbonyeo wa mtoto huyo miezi mitano, nikiwatafsiria watu machozi ya waigizaji, na sikuwa nimeuliza hata alikuwa na miaka mingapi. Mama Saidi alikwenda akafunga mlango, akamrudisha kwenye kochi, akampa sahani yake ya viazi, na Mama akala. Mazungumzo yalikwenda mbele bila televisheni. Metrine aliogopa kuku. Metrine aliimba vibaya na kwa nguvu. Rose, ambaye kawaida haongei mbele ya wakubwa, ndiye aliyesema kwamba nywele hizo hazitatolewa Kitale, lazima aende nyumbani. Mama akasema watamuuliza maswali. "Si ndio," Rose akamjibu. "Watauliza na utajibu. Hiyo siku ni ya hiyo."

Tulikwenda wanne: Mama, Rose, mimi, na Mama Saidi aliyesema hajawahi kuona msiba wa Wabukusu ukiisha na hawezi kupitwa. Tulimkuta shemeji yake, Mzee Wekesa, akitundika majani ya tumbaku bandani, banda hili hili ambalo leo limeinama upande mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Mzee alishuka kwenye ngazi, akapangusa mikono kwenye suruali, akaita nyumbani watoe viti. "Tulikungoja," ndilo neno pekee alilolisema kuhusu mwaka mzima. Alitoa jogoo. Mama Saidi alikabidhiwa kisu achinje yeye, Mwislamu, ili nyama iweze kumpita kooni, na kila mtu aliona ni sawa. Asubuhi Mama alikaa kwenye kigoda uani, kitambaa kikatoka, na shangazi wa ukoo akanyoa. Mama Saidi alishika bakuli la maji. Nywele zilianguka kwa uzito, vipande vya kama manyoya ya kondoo, na chini yake kichwa kilikuwa kidogo na cheupe, cha mtu mgeni.

Alipoulizwa aliwaeleza kama alivyotueleza sisi, shule, hospitali, daktari, nywele. Alipofika hapo, msichana mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na sinia la vikombe aliliachia likaanguka. Alikuwa Sela, binti wa Mzee Wekesa, rika la Metrine. Yeye ndiye aliyemsuka. Alimsuka siku ya mwisho ya likizo, akikaza kwa sababu Metrine alitaka yakae muhula mzima, na mwaka wote tangu mazishi alikuwa akisikia watu wa soko wakinong'ona kwamba mtoto aliuawa na kichwa, kwamba kuna mtu alikishika kwa mkono mbaya. Aliacha shule. Hakuwa amemgusa mtu nywele tena. Hakuna aliyejua kwamba daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, kwa sababu aliyejua alikuwa Kitale anatazama televisheni. Mama alimwita kwa kidole. Sela alikuja akapiga magoti, na Mama, kichwa chake kitupu kikiwa bado na povu la sabuni, akamwambia mbele ya watu wote, "Haikuwa nywele, mtoto wangu. Ilikuwa ugonjwa. Nywele zako zilikuwa nzuri."

Tuliporudi Tuwani tukakuta stima imerudi. Ukweli ni kwamba tulifurahi kama wendawazimu, tukakimbilia ndani na viatu. Lakini mchezo ulikuwa umekwisha. Sehemu za mwisho zilionyeshwa tukiwa gizani na Malakisi, na saa moja sasa kulikuwa na mchezo mwingine, watu wengine kabisa. Nao tuliutazama. Sitadanganya kwamba tulizima tukaanza kusimuliana hadithi. Tulitazama kila jioni hadi nilipomaliza kozi, ila watu walikuwa wakiongea juu yake, wakimkatiza mtangazaji, na mara nyingine Mama alipunguza sauti kwa sababu Rose alikuwa na jambo. Sanduku la bati liligeuzwa jina likatazama nje. Na pale kwenye mfereji, ukimwita Mama Metrine, aliitika.

Mwanamume wa Kanada sikumwandikia tena, lakini nisijisifu, baadaye nilipata simu, na simu ikapata watoto. Miaka ishirini nimekuwa mtu wa kuwa mahali na kutokuwapo. Nilimtembelea Mama nikiwa na ratiba. Mwezi uliopita alipolazwa Bungoma nilikwenda Jumamosi, nikakaa kando ya kitanda chake, na jambo aliloniomba siku hiyo ndilo lililonifanya, pale karibu na banda la tumbaku, begi likiwa limefungwa, nisiondoke. Nilirudi jikoni nikalifungua begi. Sikuwapigia ofisini kuwaeleza. Kisa chenyewe wangekielewaje?

Siku ya kunyoa watu walikaa kuzunguka uwanja. Mzee Wekesa sasa haoni vizuri, na mwanawe ndiye aliyesimama akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka shughuli iende, ni nani wa kunyolewa kwa ajili ya huyu mama. Nilitoka katikati ya wanawake nikaenda kukaa kwenye kigoda. Kijana mmoja, sijui wa nani, akauliza kwani huyu ni wa damu gani. Swali lilikuwa la haki. Nilisema, "Nililala kitanda cha Metrine." Wazee walitazamana. Mzee Wekesa akaniuliza jina, nikamwambia Nanjala, wa Kitale, akatikisa kichwa pole pole. "Huyo ni wake," akasema. "Alikuja naye."

Aliyetoka na wembe ni Sela. Ana saluni yake Malakisi sasa, na mikono yake inajulikana hadi Bungoma mjini. Alinifumua rasta zangu za gharama moja moja, bila haraka, hata zile za nyuma alizifikia zote, na hakuna aliyemwambia afanye upesi. Kisha akamwaga maji. Yalikuwa baridi, nikashtuka kama mtoto. Nywele zilianza kushuka mapajani. Simu ililia ndani ya begi nyuma ya mlango wa jikoni, ikanyamaza, ikalia tena, na mtu akaitoa akaiweka chini ya godoro.

Mwana wa mzee aliuliza lile linaloulizwa siku zote: ni nani aliyekuwa naye mwisho, na alisema nini. Nikasema ni mimi. Nikawaeleza kwamba Jumamosi hiyo alikuwa amelala amefumba macho, nikadhani amesinzia, nikatoa simu. Kumbe ananiangalia. Aliniuliza, "Nanjala, wale dada wawili, mwishowe ilikuwaje?" Ilinichukua muda kuelewa anawasema akina nani. Nikamwambia ngoja, nitafute, siku hizi kila kitu kipo humu, nikaanza kuandika. Alinyoosha mkono akaufunika uso wa simu kwa kiganja. "Weka hiyo," akasema. "Wewe niambie tu." Nikamwambia, hadi muuguzi akaja kunitoa, na alfajiri ya Jumapili wakanipigia.

Nilidhani nimemaliza. Sela alikuwa amefika katikati ya kichwa, akasimamisha wembe, akanishika kidevu kunigeuza upande wa pili.

"Na wewe ulimwambia nini?" akauliza.

Nikapangusa maji machoni, nikaanza na yule wa viatu virefu.